Jogoo, Chungwa na Wilbaro: Taswira ya Vyama na Kura ya Kijana wa Eldoret

Chama cha siasa humfikia kijana kwa njia nyingi kabla ya kumfikia kwa ilani. Kabla hajasoma ukurasa hata mmoja wa sera zake, kijana huwa amekwisha kuiona rangi ya chama hicho kwenye fulana ya jirani, ameusikia wimbo wake ndani ya matatu, ameijua lakabu ya kiongozi wake, na, lililo kubwa zaidi, amekwisha kuchorewa picha ya mtu anayesemekana kuwa wa chama hicho: anavaaje, anafanya kazi gani, anazungumza kama nani, anamcheka nani. Jumla ya mambo hayo ndiyo inayoitwa katika uchambuzi huu taswira ya kitamaduni ya chama. Ni pana kuliko alama inayochapishwa kwenye karatasi ya kura, kwa sababu alama husajiliwa na Msajili wa Vyama vya Kisiasa mara moja ikabaki vile, ilhali taswira hujengwa kila siku na watu wengi, wakiwemo wasiokipenda chama chenyewe. Huitwa ya kitamaduni kwa kuwa malighafi yake haitoki katika ofisi za chama. Hukopwa kutoka kwa maisha ya watu, yaani kazi zao, nyimbo zao, mavazi yao, dini yao na mizaha yao. Linalochunguzwa hapa ni kiasi ambacho taswira hiyo humvuta kijana, na aina ya uhusiano inaomwingiza kati yake na chama baada ya kumvuta.

Eldoret ni mahali panapofaa kwa swali hili kuliko miji mingi ya Kenya. Mji huu ulianza kama kituo cha walowezi Makaburu katika shamba nambari 64, ukapewa jina lake la sasa mwaka 1912, na ulipofika wakati wa sensa ya mwaka 2019 ulikuwa na watu 475,716, katika kaunti ya Uasin Gishu yenye watu 1,163,186. Tarehe 15 Agosti 2024 ulipandishwa hadhi kuwa jiji la tano nchini. Vijana wake ni wa namna nyingi: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 huko Kesses, na wa Chuo Kikuu cha Eldoret, wanariadha wanaofanya mazoezi alfajiri kwenye barabara za vumbi, waendeshaji bodaboda, wachuuzi wa mitumba, mafundi wa jua kali na vibarua wa mjengo. Katika mitaa kama Langas, Huruma na Munyaka, Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya na Waluo wamejenga ukuta kwa ukuta. Tena Sugoi, kwao Rais William Ruto, iko katika kaunti hii hii, na yeye mwenyewe aliliwakilisha bungeni eneo la Eldoret Kaskazini tangu mwaka 1997 hadi mwaka 2013.

Mtu akifuata historia ya kura katika eneo hili atakutana na jambo linaloonekana kama fumbo. Wapigakura wengi wa Uasin Gishu walikuwa na jogoo wa KANU katika miaka ya tisini. Mwaka 2005, katika kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba, wakachukua chungwa. Mwaka 2007 wakabaki na rangi ya chungwa, ambayo sasa ilikuwa ya chama cha ODM. Mwaka 2010, katika kura ya maoni ya pili, wakasimama upande wa rangi nyekundu iliyomaanisha kuikataa katiba. Mwaka 2013 wakavaa manjano ya chama cha URP. Mwaka 2017 wakavaa nyekundu ya Jubilee. Na mwaka 2022 wakavaa manjano na kijani za chama cha UDA, chenye alama ya wilbaro. Ni rangi nyingi mno kwa muda wa miongo mitatu. Kama rangi na alama ndizo zingekuwa sumaku ya kura, wapigakura hawa wangehesabiwa kuwa watu wasiojua wanachokitaka, na hilo si kweli hata kidogo, kwa kuwa katika safari hiyo yote walikuwa wakifuata njia moja iliyonyooka, njia ya kiongozi wao na ya jamii iliyomwona kuwa ngao yake. Kwa hiyo katika Eldoret mwelekeo wa kura huamuliwa na mambo mazito kuliko rangi: ukoo wa kisiasa, kumbukumbu ya ardhi, hofu ya kuachwa nje ya serikali. Taswira ina kazi nyingine. Humpa kijana jina la kuingilia katika siasa ambayo watu wazima walikwisha kuipanga, na jina hilo likishakuwa lake, hulitumia kudai. Upande huu wa pili, wa kudai, haujapewa uzito unaostahili na waandishi wengi wa siasa za Kenya, na ndio unaoeleza yaliyotokea mwaka 2024 kuliko maelezo mengine yoyote.

KANU, iliyoanzishwa mwaka 1960 na kufanywa chama cha pekee kisheria mwaka 1982, ilikuwa na taswira ya mzazi. Jogoo aliwika, watu wakaamka. Kidole kimoja kikainuliwa juu, watu wakaitikia. Rais Daniel arap Moi alilitangaza neno Nyayo kuwa falsafa ya amani, upendo na umoja, na kuanzia mwaka 1979 watoto wa shule za msingi wakagawiwa maziwa ya Nyayo katika pakiti za pembetatu. Mtoto aliyekata ncha ya pakiti ile kwa meno mwaka 1980 alikuwa mpigakura ulipofika uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, na kwake chama kilikuwa kitu kilichomlisha kabla hajajua kukihoji. Upande wa pili wa mzazi huyo ulikuwa fimbo. Vijana wa KANU, yaani lile tawi la vijana lililosimama kwenye masoko na vituo vya mabasi kudai kadi za uanachama, waliwafundisha wenzao kuwa nafasi ya kijana katika siasa ni ya askari wa chama. Alikuwa mkono uliotumwa. Sauti haikuwa yake.

Mwaka 1992 taswira hiyo ilivunjwa na watu wa KANU wenyewe. Kikundi cha vijana kilichojulikana kama YK'92, kikiongozwa na Cyrus Jirongo na kumjumuisha Ruto aliyekuwa ametoka chuo kikuu karibuni, kiliingia katika kampeni na fedha nyingi kiasi kwamba wananchi wakaibatiza noti ya shilingi 500 jina la Jirongo. Kikundi kilivunjwa baada ya uchaguzi, lakini picha kiliyoichora ilidumu. Kijana wa chama sasa alikuwa mtu mwenye suti, gari na bahasha, anayejua mlango wa ikulu uko wapi. Uchaguzi wa mwaka 1997, ambapo Ruto alimshinda Reuben Chesire, mwanasiasa mkongwe na tajiri, katika Eldoret Kaskazini, uliwaonyesha vijana wa eneo hilo kwamba picha ile haikuwa ya Nairobi tu. Mtoto wa kijijini aliyesimulia kuwa aliwahi kuuza kuku kando ya barabara angeweza kumng'oa mwenye jina kubwa. Chimbuko la hadithi ya hasla, ambayo nchi nzima ingeisikia robo karne baadaye, liko hapa.

Baada ya uchaguzi huo mambo mawili yalibadilisha namna vyama vinavyotafuta sura zao. La kwanza ni muziki. Mwaka 2002 wimbo Unbwogable wa vijana wawili, Gidi Gidi Maji Maji, ulichukuliwa na muungano wa NARC ukawa wimbo wa kuiondoa KANU madarakani, ingawa haukutungwa kwa ajili ya chama chochote. Kuanzia hapo kila chama kilijua kuwa wimbo ambao vijana wameupenda kwa hiari yao una nguvu kuliko wimbo uliotungwa na kwaya ya chama. Jambo la pili ni chungwa. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005, tume ya uchaguzi iliweka ndizi kwa wanaoikubali rasimu na chungwa kwa wanaoikataa, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Tunda lililochaguliwa kwa urahisi tu wa kuonekana likawa utambulisho wa kisiasa ulioishi kupita kura yenyewe. Hakuna mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba maana ya alama hutoka kwa watu wanaoibeba, wala si kwa ofisi inayoigawa.

Eldoret ililipa gharama ya jambo hilo. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipotangazwa na kupingwa, rangi na chama vikawa njia ya kukisia kabila la mtu, na kabila likawa sababu ya kuchomewa nyumba. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote katika miezi hiyo. Vijana ndio waliotumwa, kama walivyotumwa wa enzi ya KANU, na vijana ndio waliokufa kwa wingi. Uchambuzi wowote wa taswira za vyama unaopita hapa haraka unakosa uaminifu, kwa sababu ile nguvu inayomfanya kijana ajione wa kundi fulani ndiyo hiyo hiyo inayomwonyesha asiye wa kundi hilo, na vyama vya Kenya havijawahi kuonyesha kwamba vinajua kuitumia upande mmoja bila kuuamsha wa pili. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 91, ilijaribu kuliwekea jambo hili mpaka ilipokataza chama kujengwa juu ya msingi wa dini, lugha, kabila, jinsia au eneo. Sheria hiyo ilizuia majina na ilani za kikabila. Haikuweza kuzuia ramani ya kura.

Muungano wa Jubilee wa mwaka 2013, uliokijumuisha chama cha URP, ulikuwa jaribio la kuifunika ramani hiyo kwa sura ya ujana. Uhuru Kenyatta na Ruto, waliokuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini Hague, walipanda majukwaani wakiwa na mashati meupe na tai nyekundu zinazofanana, wakajiita wa dijitali na kuwaita wapinzani wao wa analojia, wakaahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Kwa kijana wa Eldoret taswira hii ilifanya kazi ambayo mikutano ya upatanisho haikuifanya: iliwaweka Mkalenjin na Mkikuyu, waliopigana miaka mitano nyuma, ndani ya vazi moja. Hata hivyo ulikuwa mfano wa kutazamwa. Mwenye tai alikuwa juu jukwaani, na kijana aliyekuwa chini hakuwa na tai.

Upungufu huo ndio UDA ilioujaza, na kwa hiyo inafaa kukaa kwa muda mrefu zaidi juu ya wilbaro. Chama hiki kilikuwa kikiitwa PDR hadi kilipobadilishwa jina mwanzoni mwa mwaka 2021, wakati urafiki wa Ruto na Rais Kenyatta ulipokuwa umekwisha kuvunjika, na kikachagua alama ya toroli la gurudumu moja pamoja na wito wa Kazi ni Kazi. Wilbaro katika mji wa Kenya ni kitu cha mahali pawili. Kwenye mjengo hubeba kokoto, mchanga na simiti, na anayeisukuma ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote walioko pale. Barabarani ni duka: juu yake hupangwa mananasi yaliyokwisha kumenywa na kukatwa vipande, miwa iliyofungwa katika mifuko midogo, tikiti maji lililopasuliwa ili wekundu wake uonekane, na mwenye duka hilo huishika mikono yake miwili kila askari wa kaunti wanapoonekana kona ya pili, akasukuma na kukimbia bila kumwaga. Kila mmoja wa wapita njia anamjua mtu huyo. Kwa kuiweka wilbaro kwenye karatasi ya kura, chama kilikuwa kimesema kwamba mtu ambaye serikali imezoea kumfukuza barabarani ndiye mwenye chama.

Wapinzani waliitukana alama hiyo kwa kusema kwamba inamdharau kijana aliyesoma, na tusi hilo likawa msaada mkubwa kwa UDA. Neno hasla, lililotoka mtaani likiwa na maana ya mtu anayejitafutia riziki kwa jasho na ujanja bila ajira ya kudumu, liliwekwa mbele ya neno nasaba, lililomaanisha familia chache zilizoitawala nchi tangu uhuru. Na kila aliyeicheka wilbaro alijiweka mwenyewe upande wa nasaba. Taswira iliyojengwa vizuri humfanya mpinzani aikamilishe. Wakati huo huo, msamiati wa mama mboga, bodaboda na wilbaro ulitajwa mara nyingi mno hadi ukawa kama litania, na ulikuwa na faida moja kubwa katika mji kama Eldoret: hakuna kati ya majina hayo lililokuwa la kabila. Muungano ambao kwa hesabu za kura ulikuwa wa Bonde la Ufa na Mlima Kenya ulipata jina la tabaka, na kijana wa Munyaka na wa Kapseret wakaweza kulitamka bila kukumbushana mwaka 2007.

Taswira hii ilishikamana na vitu vya kazi kwa namna ambayo kofia na leso za kampeni za zamani hazikuweza. Sheria inamtaka mwendeshaji bodaboda avae kizibao cha kung'aa, na wakati wa kampeni wanasiasa waligawa vizibao hivyo vikiwa vimechapishwa majina na alama zao mgongoni. Anayekivaa hakivai siku ya mkutano tu. Hukivaa kuanzia alfajiri hadi usiku, mvua na jua, akiwa na abiria nyuma anayelisoma jina hilo kutoka Langas hadi katikati ya mji. Lugha nayo ilikopwa kwa mtindo huo huo. Sipangwingwi, wimbo wa Exray uliomaanisha kwa Sheng kuwa mtu hapangiwi maisha na mwingine, uligeuzwa kuwa wito wa kampeni kwa wingi, hatupangwingwi, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipouweka katika orodha ya maneno ya kuchunguzwa kama ya chuki, ikaupa umaarufu ambao pesa zisingeununua. Hata majina ya wagombea yalifuata mkondo huo. Jonathan Bii, aliyechaguliwa gavana wa Uasin Gishu mwaka huo kwa tiketi ya UDA, anajulikana kotekote kwa lakabu ya Koti Moja, jina ambalo kijana asiye na koti la pili hulielewa bila kufasiriwa.

Sambamba na taswira hii mpya ilikuwako ya kale, na ni kosa kudhani kwamba ile mpya iliifuta. Mgeni wa heshima katika eneo hili hupokewa kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet kilichosuguliwa kwa masizi, kama wanavyopokewa wanariadha wanaorudi na medali. Huvishwa pia sinendet, mmea unaotambaa unaosokotwa kuwa taji la ushindi. Wazee huvisha viongozi kanzu za ngozi na kuwaombea. Kanisa, hasa la Africa Inland ambamo Moi na Ruto wote walilelewa, huwapa jukwaa la kila Jumapili. Kwa hiyo kijana wa Kikalenjin mwaka 2022 alikuwa akipokea picha mbili kwa pamoja, ya hasla asiye na kwao na ya shujaa aliyetawazwa na kwao, na kipaji cha kampeni ile kilikuwa katika kuzifanya zisigongane. Jirani yake Mluhya au Mluo alipokea moja tu kati ya hizo mbili, na hilo ndilo lililoweka mpaka wa mvuto wa wilbaro katika mitaa ya mji huo huo.

Wako pia vijana ambao taswira hiyo haikuwaona. Msichana wa miaka ishirini aliyemo katika saluni, au anayeuza nguo kwa simu, hakuwa na picha yake humo: wilbaro na bodaboda ni kazi ambazo jamii imezipa sura ya kiume, na mama mboga ni mama, mtu mzima mwenye watoto wa kulisha. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Moi aliyerudi kijijini na shahada ya ualimu naye alikuwa katika hali ngumu, kwa kuwa aliambiwa aione kuwa heshima kazi ambayo wazazi wake waliuza ng'ombe ili asiifanye. Wengine kati yao walikubali kwa moyo mmoja, wakaona kwamba mwishowe kuna anayekiri ukweli kuhusu ajira, wengine walinyamaza.

Ukimya huo unaonekana katika hesabu. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilipotangaza daftari la mwaka 2022, lenye wapigakura milioni 22.1, vijana, ambao Katiba inawataja kuwa watu wa miaka 18 hadi chini ya 35, walikuwa asilimia 39.84, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa asilimia 5.27 ikilinganishwa na mwaka 2017, katika nchi ambayo robo tatu ya watu wake wako chini ya umri huo wa miaka 35. Kampeni iliyokuwa ya vijana kuliko zote kwa sura ilikuwa na vijana wachache kuliko iliyotangulia kwa daftari. Mfano wa George Wajackoyah unalithibitisha hilo kutoka upande mwingine. Mgombea huyu wa chama cha Roots, aliyeahidi kuhalalisha bangi na ambaye mikutano yake ilinoga kwa reggae, alikuwa gumzo la vijana kwenye simu zao kwa miezi kadhaa, lakini siku ya kura alipata 61,969, chini ya nusu ya asilimia moja. Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Burudani huleta watu uwanjani. Kumtoa mtu nyumbani saa kumi na moja alfajiri apange foleni ya kura kunahitaji pia mtandao wa watu, viongozi wa mashinani na imani kwamba kura ile italeta kitu.

Nchi jirani zinaonyesha mkondo unaofanana. Tanzania, vijana wa CHADEMA katika miaka ya 2010 walivaa kombati za kaki na kuinua vidole viwili, wakati CCM ikiwaita wasanii wa bongo fleva kwenye majukwaa yake ya kijani na manjano. Uganda, Rais Museveni aliingia katika kampeni ya uchaguzi wa mwaka 2011 akiwa na wimbo wa kufokafoka kwa jina lake, na muongo mmoja baadaye akakabiliwa na msanii hasa, Bobi Wine, ambaye kofia yake nyekundu ilionekana kuwa ya hatari kiasi cha serikali kuiorodhesha mwaka 2019 miongoni mwa mavazi ya kijeshi ambayo raia hawaruhusiwi kuvaa. Tofauti ya Kenya ni kwamba aliyetumia taswira ya mnyonge kwa ufanisi mkubwa alikuwa Naibu wa Rais aliyekuwa madarakani, na alishinda, na kwa hiyo ilibidi aishi na taswira yake akiwa serikalini.

Kuishi nayo ndiko kulikokuwa kugumu. Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 na kutoa mikopo ya kuanzia shilingi 500 kwa njia ya simu, ilikuwa jaribio la kuligeuza jina la kampeni kuwa kitu cha mkononi. Lakini shilingi 500 ni mtaji wa siku moja wa muuza mananasi, na mwaka uliofuata kodi zilipanda. Mwanasosholojia Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba rika huundwa na matukio makubwa linayoyapitia pamoja katika ujana wake wa mwanzo, na kwamba matukio hayo huwa miwani ambayo kwayo huyatazama ya baadaye. Mkenya aliyezaliwa mwaka 2004 alikuwa na miaka mitatu Kiambaa ilipoungua. Hofu iliyowafunga wazazi wake kwenye rangi moja aliirithi kama habari, wala si kama harufu ya moshi. Tukio lake mwenyewe lilikuwa Mswada wa Fedha wa mwaka 2024.

Maandamano ya Juni 2024 ya kuupinga mswada huo wa kodi, yaliyoanzia Nairobi, yalifika Eldoret, kwenye Barabara ya Uganda inayoupasua mji, nyumbani kwa Rais, mahali ambapo wachambuzi wengi walidhani hayangefika. Tarehe 25 Juni, siku ambayo Bunge lilivamiwa jijini Nairobi na vijana wakauawa kwa risasi, jumba la burudani la Eldoret lililohusishwa na mmoja wa wabunge wa kaunti hiyo liliporwa. Siku iliyofuata Rais alitangaza kuwa hatautia sahihi mswada. Walioandamana walisema hawana kabila, hawana kiongozi na hawana chama, na katika suala la taswira walifanya jambo ambalo hakuna chama kilichoweza kulizuia: walichora wenyewe. Walimwita Rais Zakayo, kwa jina la mtoza ushuru wa Injili ya Luka aliyepanda mkuyu. Uchungu wa lakabu hiyo ulikuwa katika asili yake, kwa kuwa ilitoka shule ya Jumapili, yaani katika ghala lile lile la utamaduni ambamo kiongozi mwenyewe alikuwa akichota sura yake. Kijana aliyefundishwa na kampeni kwamba jina la mtaani linaweza kumwangusha mwenye nasaba alilitumia somo hilo.

Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba vijana wa Eldoret walioingia barabarani walikuwa wameisaliti wilbaro. Wengi wao walikuwa wakiidai. Chama kilipowaambia kuwa wao ndio wenyewe, kiliandika kwa namna fulani hati ya deni, na hati ya namna hiyo haifutiki kwa kubadilisha rangi, njia ambayo siasa za eneo hili zimeizoea tangu mwaka 2005. KANU haikukabiliwa na dai kama hilo kwa sababu haikumwambia kijana kuwa yeye ndiye chama. Ilimwambia tu kuwa chama ni baba yake. Jubilee ililikwepa kwa kuwa ahadi yake ilikuwa ya vitu, na kompyuta zisipofika mtu hukasirika bila kuhisi kuwa ametukanwa. Hasla ni jina la mtu, na mtu aliyeitwa kwa jina lake akageuka, kisha akapuuzwa, haondoki akiwa kama alivyokuja.

Jinsi dai hilo litakavyoingia katika kura ya Agosti 2027 haijulikani, na nguvu za ukoo wa kisiasa katika Uasin Gishu bado ni kubwa mno kwa mtu kutabiri mageuzi. Watakaopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka huo watakuwa pamoja na waliokuwa na miaka kumi na mitano wakati wa maandamano, walioyatazama kwenye simu wakiwa bwenini au nyumbani. Picha waliyoiona haikuwa na rangi ya chama. Ilikuwa ya vijana waliojitanda bendera ya taifa mabegani, na katika kampeni za sasa kila chama kinatafuta namna ya kuikopa bendera hiyo bila kuonekana kuwa kimeiiba. Kwenye steji za bodaboda za Eldoret vizibao vya mwaka 2022 havijaisha vyote. Manjano yake imefifia kuwa kama rangi ya ugali wa jana, gurudumu la wilbaro limebanduka mgongoni, na anayekivaa anaendelea kukivaa kwa sababu polisi wa trafiki wanakitaka na hajapata kingine.